Nne na Nne ni Mbili: Masahihisho Kutoka Tukuyu

Najua nimepotea. Wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimeacha kublogu, wengine mmenitania kwamba nimeoa kimyakimya bila kuwapa kadi. Hapana jamani. Nilikuwa nyumbani Tukuyu kwa wiki mbili, na nimerudi na deni. Sio deni la hela peke yake (la hela nalo lilikuwepo, nitalisema), ni deni la maneno. Ndilo nataka kulilipa leo mbele yenu.

Sisi waandishi tuna kitu kinaitwa masahihisho. Gazeti likimpachika mtu kosa ambalo si lake, siku inayofuata linatoa kiboksi kidogo ukurasa wa ndani, herufi ndogo, karibu na matangazo ya viwanja. Tangu nianze kazi hii nimewahi kuandikiwa viboksi viwili, na vyote viliniuma. Leo naandika cha kwangu mwenyewe na nakiweka ukurasa wa mbele. Kinahusu sabufa.

Ndiyo, sabufa. Msicheke kwanza.

Kaka yangu mkubwa ana Hiace inayofanya safari za Tukuyu na Mbeya. Ni kilomita kama 70, na kwa aliyepita njia ile anajua: unatoka kwenye migomba na mashamba ya chai, unafika Kiwira, halafu unaanza kupanda kuelekea Isongole, ukungu unakupokea, baridi inakuingia kwenye mifupa, mvua haina adabu. Hiace hiyo ndiyo inayolisha nyumba ya kaka, ndiyo inayomlipia mtoto wake wa kwanza ada, na ndiyo inayomnunulia mama dawa zake za presha. Alipoinunua alikopa kwenye kikundi, na mkopo bado haujaisha. Kwa hiyo gari likilala siku moja, nyumba mbili zinakohoa.

Kaka aliweka muziki kwenye gari kwa sababu ya biashara. Vijana wa stendi wanachagua gari lenye mdundo, hiyo haina ubishi. Alinunua ampu ya mtumba ya chaneli mbili na sabufa moja ya inchi 12, akaiweka kwenye boksi chini ya kiti cha nyuma. Aliyefunga ni dogo mmoja wa pale mjini. Alimaliza kidato cha nne, hakubahatika kuendelea, akajifunza ufundi kwa mzee mmoja wa redio. Alikuwa na meza yake ya mbao chini ya bati, mita ya kupimia umeme, chuma cha kulehemu risasi, na boksi la transista kuukuu. Ule mziki ukapiga zaidi ya mwaka mzima bila tatizo lolote.

Sasa hapo naingia mimi, mdogo mtu kutoka Dar.

Nilipokuwa nakwenda nyumbani mwaka jana nikataka kumfurahisha kaka. Nikapita Kariakoo, nikakuta sabufa ileile, inchi 12, omu 4. Nikalipa 180,000, nikaibeba kwenye basi kama mtoto mchanga. Nilimkabidhi kaka pale stendi ya Tukuyu kwa mbwembwe nyingi, makonda wakashangilia. Siku ya pili yake nikageuza Dar, kazi zinaita.

Nikiwa bado njiani, dogo akanitumia ujumbe kwenye simu. Nitaunukuu kama ulivyo, kwa sababu ninao mpaka leo: "Bro shikamoo. Hizi mbili nikiziunga pamoja ampu itakubali kweli?"

Na mimi, mwandishi wa habari, mtu ninayelipwa kuuliza maswali kabla ya kujibu, nikajibu kwa sekunde kama kumi hivi: "Unganisha tu dogo. Hiyo ni omu nne, na hii ni omu nne. Zote nne, zinaendana."

Zinaendana! Kama viatu.

Mwezi mmoja na nusu baadaye nikapigiwa simu. Gari lilikuwa linapanda kutoka Kiwira, limejaa, muziki juu, mvua inanyesha na vioo vimefungwa. Wakati wanakaribia Isongole abiria wa kiti cha nyuma wakaanza kusikia harufu ya plastiki inaungua. Halafu moshi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akapiga yowe, watu wakashuka kwa mlango na wengine kwa madirisha, viazi vya watu vikamwagika barabarani. Kaka alichomoa waya wa betri kwa mkono wake, akaungua viganja viwili. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia zaidi ya hapo. Lakini gari lililala siku nne, kiti cha nyuma kiliharibika, ampu ikafa.

Na nani alilaumiwa? Dogo. Kaka alimfuata pale mezani kwake akiwa na hasira na viganja vimefungwa bandeji. Akamwambia alipe. Dogo hakuwa na hela, kwa hiyo kaka akachukua mita na chuma cha kulehemu kama dhamana. Fundi asiyekuwa na mita ni sawa na mimi bila kalamu. Meza ikafungwa. Nami nilipoelezwa kwa simu nikatikisa kichwa huku Dar nikasema, "Mafundi wa siku hizi vishoka tu." Nilisema hivyo. Nimekumbuka baadaye kwamba nilisema hivyo.

Basi safari hii nilipofika nyumbani nikaenda kumsalimia yule mzee wa redio, aliyemfundisha dogo. Ni rafiki wa marehemu baba. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanisalimia na kwa Kinyakyusa, ugonile, akanikaribisha kwenye kigoda. Tukaongea habari za mjini, za mvua, za bei ya parachichi. Halafu akaniuliza taratibu, bila kuniangalia usoni, huku anafungua kifuniko cha redio ya mtu: "Mwanangu, ile ampu ya kaka yako, ilikuwa inapiga omu ngapi?"

Nikasema nne.

Akasema, "Sabufa ndiyo ilikuwa nne. Nimekuuliza ampu ilikuwa inaona ngapi."

Hapo ndipo darasa lilipoanza. Naliandika kama nilivyolielewa, na baadaye nikahakikisha kwa kusoma, safari hii KABLA ya kuandika.

Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani kiasi ambacho kitu kinazuia umeme usipite. Jina limetoka kwa Mjerumani, Georg Ohm, mwalimu aliyechapisha kitabu chake cha kanuni hiyo mwaka 1827. (Wajerumani walipotawala kwetu waliita mji wetu Neu Langenburg. Kumbe walituachia boma na omu pia.) Kanuni yenyewe ni nyepesi: chukua volti, gawa kwa omu, unapata ampea, yaani wingi wa umeme unaopita. Omu zikipungua, umeme unaopita unaongezeka. Kwenye spika wataalamu hawasemi ukinzani tu, wanasema impidansi, neno la Mwingereza Oliver Heaviside la mwaka 1886, kwa sababu muziki ni umeme unaokwenda mbele na kurudi, na koili ya spika inauzuia tofauti kwa kila sauti. Ndiyo maana ukipima sabufa ya omu 4 kwa mita ya kawaida utasoma tatu na pointi kadhaa. Haijaharibika. Ile nne ni namba ya jumla ya kukuongoza.

Mzee akaniambia nifikirie darasa la shule ya msingi kengele ya kutoka inapolia. Darasa lina mlango mmoja, watoto wanatoka kwa kubanana. Ukifungua mlango wa pili unaolingana na ule wa kwanza, je, umeongeza kizuizi au umepunguza? Umepunguza. Watoto wanatoka mara mbili ya mwanzo kwa dakika ileile. Kizuizi kimekuwa nusu.

Hivyo ndivyo sabufa mbili zinavyokuwa zikiungwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Omu 4 na omu 4 hazibaki 4, wala haziwi 8. Zinakuwa 2. Umefungua mlango wa pili.

Lakini ukiziunga kwa mfuatano, yaani umeme upite ya kwanza ndipo uingie ya pili, ni kama korido moja yenye milango miwili mmoja baada ya mwingine. Hapo unajumlisha: 4 na 4 ni 8.

Nikamwambia mzee, sawa, sasa si bora? Umeme mwingi si ndiyo mdundo mwingi? Akacheka. Akasema ndiyo, kama anayeusukuma ana nguvu hizo. Hapo kuna kitu kinawachanganya wengi, mimi nikiwemo: omu ndogo inasikika kama mzigo mdogo, kumbe kwa ampu omu ndogo ndiyo mzigo mkubwa. Ampu iliyotengenezwa kusukuma mlango mmoja ukiifungulia miwili inajaribu kutoa umeme mara mbili, transista zake zinachemka, na kama haina ulinzi mzuri zinaungua.

Kuna jambo la pili ambalo ndilo lililotumaliza. Ampu ya kaka ni ya chaneli mbili, na dogo alikuwa ameibriji, yaani ameunganisha chaneli zote mbili zisukume spika moja kwa pamoja. Watu wengi wa sabufa wanafanya hivyo ili wapate wati nyingi. Ila ukibriji, kila chaneli inaona nusu ya omu ulizoweka. Ukiweka sabufa ya omu 4, kila chaneli inaona 2. Ampu yetu ilivumilia omu 2 kwa kila chaneli, kwa hiyo sabufa moja ya omu 4 ilikuwa ndio mwisho wake halali. Dogo alikuwa amepiga hesabu sawasawa tangu mwanzo! Mimi nilipomwambia "unganisha tu", zikawa omu 2 kwenye briji, na kila chaneli ikawa inaona omu 1. Nusu ya ilichoweza.

Mzee akachukua kipande cha boksi la maziwa akaandika hesabu. Ampu ile ilikuwa na uwezo wa kweli wa wati 200 kwenye omu 4 ikiwa imebrijiwa (juu ya boksi imeandikwa wati 1,000 kwa herufi za dhahabu, msiamini herufi za dhahabu). Ampu za aina ile ya zamani zinageuza kama asilimia 60 ya umeme kuwa sauti, unaobaki ni joto. Kwa hiyo kutoa wati 200 inahitaji kula wati 333 hivi. Gari likiwa linawaka mfumo una volti 13.8 hivi. Gawa: ampea 24. Fyuzi yake ilikuwa ya ampea 30. Inatosha, inabaki na nafasi.

Sasa weka omu 2. Ampu inajaribu kutoa wati 400. Inahitaji kula wati 667. Gawa kwa 13.8: ampea 48. Fyuzi ya 30 lazima ikatike.

"Na ilikatika," mzee akasema. "Mara tatu. Muulize konda."

Nikamuuliza konda. Jamaa ni mkweli, hakuzunguka. Ilikatika mara ya kwanza wakanunua nyingine. Ya pili wakanunua nyingine. Ya tatu walikuwa Uyole, usiku, hakuna duka, abiria wanataka muziki, akaviringisha ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara akaichomeka pale pa fyuzi. Muziki ukarudi. "Tena ukapiga vizuri kuliko mwanzo," akaniambia kwa masikitiko.

Jamani, fyuzi ile ilitupigia kelele mara tatu. Ilikuwa inasema kwamba hesabu haziko sawa. Tukaiziba mdomo kwa karatasi ya sigara. Bila fyuzi, waya mwembamba ulikuwa unapitisha umeme ambao haukuwa saizi yake, umepita chini ya kiti cha sponji, juu yake wamekaa watu na watoto. Nikilala nakumbuka hilo. Siwazi ampu, namuwaza yule mama wa Isongole.

Konda ana sehemu yake, nami siifuti. Lakini chanzo ni kile kiujumbe cha sekunde kumi.

Kabla sijaendelea na habari ya dogo, niwape na nyinyi somo, maana najua humu kuna wadau wenye Noah na bajaji wanaotaka mdundo.

Kwanza anza na ampu, usianze na sabufa. Tafuta kwenye kitabu chake au kwenye bamba lake: omu ya chini kabisa inayovumilia ni ngapi, na je, hiyo ni kwa kila chaneli au ikiwa imebrijiwa? Hizo ni namba mbili tofauti. Ampu nyingi za chaneli mbili zinavumilia omu 2 kwa chaneli na omu 4 kwa briji. Zile za chaneli moja za kisasa zilizotengenezwa kwa ajili ya sabufa, nyingi zinavumilia omu 2, na nyingine mpaka omu 1. Usikisie. Soma.

Pili, amua unataka sabufa ngapi, ndipo uchague omu zake. Sokoni kuna zenye koili moja na zenye koili mbili. Yenye koili mbili za omu 4 inaweza kuungwa ikawa 2 (sambamba) au 8 (mfuatano). Yenye koili mbili za omu 2 inaweza kuwa 1 au 4. Kwa hiyo kama ampu yako inataka omu 4 na unataka sabufa moja, chukua ya koili moja ya omu 4 au ya koili mbili za omu 2. Kama ampu yako inavumilia omu 2, sabufa moja ya koili mbili za omu 4 itakaa vizuri, au mbili za koili moja za omu 4 kama zetu. Na ukiwa na mbili zenye koili mbili za omu 4 kila moja, unaweza kuunga koili za kila sabufa kwa mfuatano zikawa 8, halafu sabufa zote mbili sambamba, ukarudi kwenye 4. Chora kwenye karatasi kwanza, ndipo ushike waya.

Tatu, angalia wati zile zilizoandikwa RMS, usiangalie zile za herufi za dhahabu. Na kama hazijaandikwa, tazama fyuzi za ampu. Zidisha ampea zake kwa 13.8, hizo ndizo wati inazoweza kula. Ampu yetu: 30 mara 13.8 ni 414. Kitu kinachokula wati 414 hakiwezi kutema 1,000 mfululizo hata ukiombee.

Nne, usikimbilie omu ndogo kwa tamaa ya sauti. Ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, ambayo sikio linaisikia kama nyongeza ndogo. Ili sikio likubali kwamba "sasa sauti ni mara mbili" unahitaji wati kama mara kumi. Unachemsha ampu, unachosha betri na altaneta, kwa nyongeza ambayo abiria wa mbele hata hataisikia.

Tano ni fyuzi. Ikikatika mara mbili, acha kununua fyuzi. Tafuta sababu.

Haya, turudi kwa dogo.

Nilirudi nyumbani jioni ile nikamkuta mama jikoni anamenya ndizi. Nikamsimulia. Hakusema kitu mpaka alipomaliza kumenya. Halafu akaniambia, "Sasa mwanangu, unanieleza mimi ili nifanye nini? Mimi ndiye niliyefungiwa meza?" Nikajua maana yake. Nikamngoja kaka arudi na gari, nikamwonyesha ujumbe kwenye simu. Akausoma, akausoma tena. Kaka si mtu wa maneno mengi. Alitazama viganja vyake, akaingia chumbani, akatoka na mita na chuma cha kulehemu vimefungwa kwenye mfuko wa rambo. Akanipa. "Umpelekee wewe mwenyewe," akasema. "Na kesho nitapita."

Dogo tulimkuta Kiwira, mimi na rafiki yangu wa bodaboda, anapakia mikungu ya ndizi kwenye Fuso. Kazi ya kubeba. Mabega yamechubuka. Aliponiona akanipa shikamoo kwa heshima zote, na mimi ndio nikazidi kuona aibu. Nikampa mfuko. Akafungua, akaiwasha mita palepale akagusisha ncha zake mbili, ikalia. Akatabasamu kidogo, kama mtu aliyekutana na ndugu.

Nikamwambia: dogo, kosa lilikuwa langu, uliniuliza nami nikakujibu hovyo. Nisamehe.

Akasema jambo ambalo ndilo limenifanya niandike haya yote. Alisema, "Bro, mimi nilijua zitakuwa mbili. Mzee alishanifundisha."

Nikamuuliza sasa kwa nini uliunga?

Akanitazama kama anashangaa swali. "Wewe ni msomi, bro. Unafanya kazi Dar. Kaka yako alisema wewe ndiye umesema. Mimi ningekubishia kwa lipi?"

Wadau, nimehojiwa na wakubwa, nimetishiwa kunyimwa matangazo, nimewahi kufukuzwa kwenye mkutano. Sijawahi kukosa jibu kama siku ile katikati ya soko la ndizi.

Huwa tunalalamika hapa kijiweni kwamba nchi yetu haiwasikilizi wataalamu. Naam, na mimi nilikuwa na mtaalamu, amenitumia ujumbe kwa heshima, ameuliza swali sahihi kwa wakati sahihi. Kilichompotosha ni sauti yangu ya uhakika, na ile sauti ya uhakika ilikuwa imetoka kwenye cheo tu, haikuwa na elimu nyuma yake. Na alipobebeshwa lawama hakunitaja. Alikuwa na ujumbe wangu kwenye simu yake muda wote huo. Angeweza kumwonyesha kaka siku ileile. Nilipomuuliza akasema hakutaka kuwagombanisha ndugu.

Nimelipa nilichopaswa kulipa. Miezi yake ya kubeba ndizi siwezi kuirudisha, lakini hela ya kodi ya pale kwenye meza nimetoa, na bati limebadilishwa. Kaka alipita kesho yake kama alivyosema, akakaa kwenye kigoda cha wateja karibu saa nzima. Sijui walizungumza nini, haikunihusu.

Ampu ilifufuka. Mzee na dogo walibadilisha transista za kutolea sauti, wakaweka waya mnene, na fyuzi ya ampea 30 halisi karibu na betri. Kuhusu sabufa mbili, dogo alitueleza njia mbili: ama kaka anunue ampu ya chaneli moja inayovumilia omu 2, ama tuziunge hizi kwa mfuatano zipate 8. Kaka akauliza ya pili itapungua sauti kiasi gani. Dogo akapiga hesabu: ampu itatoa nusu ya wati, sauti inashuka desibeli 3, lakini kwa sababu koni ni mbili zinazosukuma hewa pamoja unarudishiwa desibeli 3 hivi. Kwa hiyo ni karibu sawa na ilivyokuwa na sabufa moja.

Kaka akanigeukia. "Kwa hiyo ile zawadi yako, faida yake ni nini?"

Dogo akanitetea. Akasema ampu itafanya kazi ikiwa imepoa zaidi. Tukacheka wote, ndipo nikaona kaka amesamehe.

Ziliungwa kwa mfuatano. Kabla ya kuwasha, dogo alinipa ncha za mita nipime mwenyewe. Nilisoma saba na kidogo. Nikaanza kusema "mbona si nane", halafu nikakumbuka darasa, nikanyamaza.

Basi kiboksi changu hiki hapa. Kwa mwaka mzima nyumbani kwetu na pale stendi imesemwa kwamba fundi mmoja kijana wa Tukuyu aliunguza muziki wa Hiace kwa kutojua kazi. Habari hiyo si kweli. Fundi alijua kazi yake. Aliyekosea ni mwandishi wa habari hii, ambaye aliulizwa swali asilolijua akajibu. Mwandishi anamwomba radhi fundi huyo, pamoja na abiria wote waliokuwemo ndani ya gari siku ile.

Mkipita Tukuyu na sabufa zenu, ulizeni meza iliyo na bati jipya. Na akiwauliza swali, msijibu kwa sekunde kumi.